Mikono ya Rula

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, kiwanda kizima kilimwita Rula, na si kwa sababu ya urefu. Ni mfupi tu, mnene kidogo, mwenye mashavu ya mtu anayependa usingizi. Aliitwa Rula kwa sababu hakuandika mstari wowote bila kuweka rula chini yake. Fomu ya likizo, rula. Orodha ya kwenda sokoni, rula. Herufi zake zote zimekatwa mikia, maana g na j na y zikitaka kushuka zinakutana na rula na kuishia hapo. Siku moja nilimuuliza kama hata barua za uchumba alimwandikia dada namna hiyo. Dada akadakia kutoka jikoni, "Ndizo zilizonifanya nikubali. Nilijua huyu hatanipeleka upande."

Alizaliwa na mama aliyefua nguo za watu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukunja mashuka yaliyokauka, kona kwa kona, mpaka mama yake aridhike. Alipofika miaka kumi na tisa aliingia kiwandani kubeba kreti. Kiwanda chetu kinajaza maji na juisi kwenye chupa. Kutoka kreti alipandishwa akawa wa kupanga vizibo, kutoka vizibo akawa msaidizi wa mkanda unaosafirisha chupa, na hatimaye akakalia meza ya kuendeshea mashine, kiti ambacho wengine hukipata kwa cheti naye alikipata kwa masikio. Alikuwa anasikia chupa yenye ufa ikipita katikati ya kelele zile zote. Anainua kidole, msaidizi anaitoa, na kweli ina ufa. Nimeshuhudia mara nyingi kiasi kwamba nikaacha kushangaa.

Mimi ni fundi wa umeme na mawasiliano wa kiwanda hicho hicho. Nilipomaliza chuo ni yeye aliyenishika mkono hadi kwa meneja. "Huyu ni shemeji yangu," alisema, "lakini simleti kwa sababu hiyo. Mpeni kazi ya majaribio. Akiharibu, mfukuzeni mbele yangu." Nilikasirika siku ile, nikaona amenidhalilisha. Leo natamani wangefanya hivyo.

Sasa niseme nilichokifanya, na nitakisema kwa urahisi, maana sisi mafundi tuna tabia ya kujificha nyuma ya maneno magumu.

Kiwandani kulikuwa na meza sita za kuendeshea, zote zimeunganishwa kwa waya mmoja unaopita kutoka ya kwanza hadi ya sita. Ndani ya waya huo habari hukimbia kwa kasi, milioni kadhaa za ndiyo na hapana kila sekunde. Kwa kasi hiyo waya huwa na tabia zake. Habari ikifika mwisho isipokuta kitu cha kuimeza, haipotei. Inagonga na kurudi ilikotoka, kama maji kwenye karai ukilisukuma, na njiani inakutana na habari nyingine inayokuja, zinavurugana. Kinachoimeza ni rezista, kijidude cha ukubwa wa punje ya mchele chenye mistari ya rangi, ohm mia na ishirini, sawa na ukinzani wa waya wenyewe. Vikilingana, habari inafika, inamezwa, basi. Rezista hiyo inafungwa ndani ya plagi ya mwisho wa laini. Si katikati. Mwanafunzi wa mwezi wa pili chuoni analijua hilo.

Mashine mpya ya chupa ndogo ilipokuja, nikaambiwa niongeze meza ya saba, mita ishirini na tano mbele ya ile ya sita, karibu na dirisha. Nikavuta waya, nikafunga plagi, nikawasha, ikawaka. Watu walipiga makofi. Meneja alinipa mkono. Na rezista ikabaki pale pale kwenye meza ya sita, ambayo sasa ilikuwa katikati ya safari, wakati mwisho wa laini, kwenye meza ya saba, haukuwa na kitu. Sikuisahau kwa sababu ya haraka. Niliisahau kwa sababu ya makofi.

Meza ya saba akapewa Rula, kwa heshima. Kiwanda kinafanya kazi mchana tu, kwa hiyo kiti kile kilikuwa chake peke yake.

Baada ya wiki mbili mashine yake ikaanza kusimama. Inasimama sekunde tatu, nne, kisha anaiwasha tena. Mara moja kwa siku, mara mbili, siku nyingine hakuna. Chupa zilizokuwa njiani zinamwagika, mkanda unafutwa. Na kila ikisimama, kumbukumbu ya mashine inaandika sababu ile ile: kitufe chekundu, meza ya saba, kimebonyezwa. Mashine imetengenezwa hivyo kwa usalama. Ikipata habari iliyovurugika kutoka kwenye meza, inahesabu kwamba mtu amebonyeza kitufe cha hatari, inasimama kwanza, maswali baadaye. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

"Sijabonyeza," Rula alisema.

"Mashine inasema umebonyeza," alisema meneja.

"Basi mashine inasema uongo."

Aliponiita nikaja na kipimo changu, kile cha kupimia laini, cha rangi ya manjano, nilichojivunia kama mtu anavyojivunia gari. Nikachomoa plagi ya meza ya saba, nikachomeka kipimo mahali pake. Safi. Hakuna kosa hata moja katika dakika kumi. Nikairudisha plagi, nikaandika kwenye karatasi: laini haina kasoro. Nikatia saini.

Nilipima mara nne katika miezi mitatu. Mara zote nne safi. Mara zote nne nikatia saini.

Rula alinunua daftari. Akaligawa kwa rula katika safu nne: tarehe, saa, mashine imesimama kwa muda gani, mikono yangu ilikuwa wapi. Kila mashine iliposimama alijaza. Sekunde tatu, mikono yote miwili mapajani. Sekunde nne, mkono wa kulia kwenye kikombe cha chai, wa kushoto mapajani. Sekunde tatu, mikono mapajani. Alikuwa amejifunza kukaa hivyo makusudi, mikono juu ya mapaja kama mtoto anayepigwa picha ya shule, ili awe na uhakika. Wenzake walimcheka. Kuna aliyemwita Bwana Mapaja. Mimi sikumcheka, lakini sikumtetea pia. Nilijitia hamnazo, nikasema mimi ni wa waya, mambo ya watu yana wenyewe.

Mwishowe akapelekwa kwa daktari wa kiwanda. Daktari alimsikiliza, akatazama daftari, akatazama karatasi zangu nne. Akasema kuna hali ambayo mtu anapotea kwa sekunde chache, macho wazi, mkono unafanya kitu na yeye hana habari. Hawezi kusema kwa hakika ndiyo hiyo, lakini kwa umri wake, na kwa kuwa mitambo imepimwa na ni mizima, si vizuri mtu kama huyo akae mbele ya mashine.

Rula hakubisha. Hilo ndilo lililotushangaza sote, mtu aliyebisha miezi mitatu mizima. Alitoka ofisini, akaandika barua ya kuacha kazi yeye mwenyewe, mistari minyoofu, akaiacha mezani kwa meneja. Baada ya miaka thelathini na saba.

Wiki tatu baadaye kiti chake alikuwa amekalia mama mmoja mchangamfu aliyehamishwa kutoka kwenye vizibo. Nilikuwa napita akaniita. "Fundi, hii mashine yako imekohoa. Imesimama kidogo, nimeiwasha. Sijamwambia mtu, nisije nikaambiwa na mimi nina ugonjwa." Akacheka.

Nilichukua kipimo. Safari hii nilipokigeuza kutafuta pa kukiegemeza, nikaona nyuma yake, chini ya kibandiko kilichochakaa, swichi ndogo. Nilikuwa nimeiona tangu siku nilipokabidhiwa kipimo, kama unavyoona kifungo cha shati. Swichi ya rezista ya mwisho wa laini. Imewashwa. Kipimo changu kilikuwa na rezista yake ndani. Kila nilipokichomeka mwisho wa waya, nilikuwa naufunga mwisho wa waya. Nilikuwa naitibu laini kwa zile dakika kumi za kuipima, kisha nachomoa dawa, naondoka, naandika kwamba mgonjwa ni mzima.

Nikaizima ile swichi, nikachomeka tena. Makosa yalikuja kama mvua ya mawe.

Nilikaa chini pale, nyuma ya meza ya saba, kwenye sakafu yenye maji. Sikumbuki kwa muda gani. Nakumbuka niliwaza mambo mawili, na naona aibu kwamba la kwanza lilikuwa kuhusu mimi: saini nne. La pili lilikuwa Rula.

Saa ya chakula, watu walipotoka, nikafungua plagi ya meza ya sita, nikaitoa rezista, nikaifunga kwenye plagi ya meza ya saba. Kazi ya dakika tano, na bisibisi moja. Nikafuta vumbi. Nikaenda kula, na nilikula, nisikudanganye.

Tangu saa ile mashine haikukohoa tena. Hata mara moja. Na hapo ndipo ubaya wenyewe ulipo, kwa sababu wiki zilipopita meneja alisema mbele ya watu, kwa huruma kabisa, "Mnaona? Maskini Rula. Kumbe kweli alikuwa mgonjwa. Tangu aondoke mashine ni shwari." Watu wakatikisa vichwa. Ningeiacha laini mbovu kwa wiki moja zaidi, ingemsafisha yenyewe. Nilikuwa nimekimbilia kuitengeneza, na kwa kuitengeneza nikamalizia kumfunga mtu kamba.

Nilijiambia nitasema Jumatatu. Nilikuwa na Jumatatu nyingi. Nilijiambia amepumzika, ana haki yake ya mwisho wa kazi, ana bustani, ana mjukuu njiani, mtu wa miaka hamsini na sita anataka nini zaidi. Nilijiambia ukweli utamuumiza dada bure. Mtu mwoga hakosi sababu, na mimi zangu zilikuwa nzuri, zimepangika. Mwaka mmoja na miezi minne nilikaa nazo.

Kwao nilikuwa nakwenda mara chache, nikikaa kwenye ukingo wa kiti. Niliona baiskeli yake imeegemezwa ukutani, matairi yamekaa chini. Niliona sanduku lake la vifaa limefungwa kwa kamba. Majirani waliokuwa wakimletea redio na pasi alikuwa amewaambia mkono wake si wa kuaminika. Niliona dada anamsindikiza kwa kinyozi. Mjukuu alizaliwa, binti wa mpwa wangu, mtoto mwenye kelele za afya, akawa anaachwa kwao mchana mama yake akienda kazini. Rula hakumbeba. Hata siku moja. Alikuwa anamtazama kutoka upande wa pili wa meza, mikono mapajani, akimwambia dada, "Mkalishe mbali kidogo na mimi. Nikipotea nikamwangushia kitu?"

Na kulikuwa na ile "nipo." Sebule yao inapakana na jikoni, kuna mlango lakini hauna ubao, umewekwa pazia. Dada akiwa jikoni, kila baada ya dakika chache Rula alisema kwa sauti, "Nipo." Dada anajibu, "Haya." Mazungumzo yanaendelea. "Nipo." "Haya." Mara ya kwanza kuisikia nilidhani ni utani wao. Dada ndiye aliyenieleza nje, akianika nguo, kwamba walikubaliana hivyo, asiposikia neno hilo kwa muda aje mbio.

Basi Jumamosi moja dada akanipigia simu. "Mdogo wangu, njoo na vifaa vyako. Shemeji yako ana kazi anataka umfanyie. Ameichora kabisa."

Nikaenda na mkoba. Walikuwa wameshakula. Dada alikuwa jikoni anaosha vyombo, mtoto mgongoni. Rula alinikaribisha, akaniuliza hali ya kiwanda, akamuulizia kila mtu kwa jina, hata yule aliyemwita Bwana Mapaja. Kisha akatandaza karatasi mezani.

"Dada yako amechoka," alisema kwa sauti ya chini. "Hawezi kuwa na sikio moja kwangu siku nzima, sasa ana mtoto. Nimefikiria. Kitufe hapa, kwenye mkono wa kiti. Nakibonyeza kila dakika tano. Nisipobonyeza, kengele inalia kule jikoni. Waya upite hapa, chini ya dari, usionekane. Nipo."

"Haya," dada alijibu kutoka jikoni.

Nilitazama mchoro. Kila mstari umepigwa kwa rula. Kiti, kitufe, waya, kengele. Vipimo kwa sentimita. Mtu aliyechora mchoro ule hakuwa na ugonjwa wowote kichwani, na mimi peke yangu duniani ndiye niliyelijua hilo kwa hakika, na alikuwa ananiomba mimi nimfungie kitufe.

"Inawezekana?" aliniuliza.

Niliinama, nikafungua mkoba, nikatoa koleo na waya. Ndiyo, nilivitoa. Nilipima kutoka kwenye kiti hadi kwenye kona. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe, na nadhani ningeufunga mtambo ule mpaka mwisho na kuaga, kama asingesema neno moja.

"Nashukuru ni wewe," alisema. "Unajua, shemeji, wale wote wasingeniweza. Meneja, daktari, wasingeniweza. Mimi nilikuwa najua mikono yangu ilikuwa wapi. Lakini ulipima wewe. Mara nne. Nikasema, kama ni huyu aliyepima, basi kasoro ni mimi."

Niliweka koleo chini.

"Shemeji," nilisema. "Huumwi."

"Nipo," aliita kuelekea jikoni. Dada akajibu. Kisha akanigeukia. "Unasema?"

"Huumwi. Hukubonyeza kitufe. Laini ilikuwa mbovu. Ni mimi niliyeifunga vibaya."

Nikamwambia. Nilianza na rezista nikaona namzungusha, nikarudi nyuma nikaanza na makofi. Nikamwambia kuhusu kipimo na swichi yake, na kwa nini mara nne zote ilionekana safi. Nikamwambia kuhusu yule mama wa vizibo, na mashine iliyokohoa, na ile saa ya chakula. Nilitegemea anikatize. Hakunikatiza. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza chupa, kichwa kimeinama upande.

Nikamaliza. Kisha akauliza swali ambalo hata meneja asingeuliza.

"Meza ya sita haikusimama. Kwa nini?"

"Ilikuwa na rezista. Kilichokuwa kinavurugika ni kipande cha mwisho. Chako."

"Na siku zisizokuwa na kitu?"

"Bahati. Joto, unyevu. Habari nyingine zilipita."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayejumlisha. "Kwa hiyo mikono yangu ilikuwa mapajani."

"Ilikuwa mapajani, shemeji. Siku zote ulizoandika."

"Na wewe umejua tangu lini?"

"Wiki tatu baada ya kuondoka kwako."

Hapo hakusema kitu. Nilitaka anitukane. Kama angeinua kile kiti akanipiga nacho ningeona ameninusuru. Alikuwa anatazama ukutani, nilikopima waya. Dakika zikapita. Kule jikoni maji ya bomba yakafungwa.

Pazia likavutwa kwa nguvu. Dada aliingia mbio, mikono ina povu hadi kwenye viwiko, mtoto akiruka mgongoni, na macho ya dada sitayasahau. "Mbona hujasema? Mbona kimya? Baba, unanisikia?" Alimshika uso kwa mikono ile yenye povu, akamgeuza, akamtazama jicho hili na lile.

"Nakusikia," alisema Rula. "Nilisahau tu."

"Umesahau vipi?"

"Mwambie," aliniambia mimi. "Mwambie dada yako."

Nikarudia. Ilikuwa fupi zaidi na ngumu zaidi. Dada alibaki amesimama, povu linamdondoka sakafuni. Nilipofika kwenye saa ya chakula alikaa kwenye mkono wa kiti, pale pale kitufe kilipokuwa kifungwe.

"Ulikuja hapa," alisema. "Siku mtoto anapewa jina ulikaa hapo. Nikakwambia siku hizi silali, naogopa akipotea usingizini. Ukaniambia nijikaze."

"Nilisema hivyo."

"Nijikaze."

Nilimtazama dada aliyenifunga kamba za viatu, nikaona ananitazama kama fundi wa kupita aliyekuja kusoma mita.

Rula alikuwa amenyoosha mikono. Sikuona alipoinyoosha. Alikuwa amekaa vilevile, lakini mikono yote miwili iko mbele, viganja juu. "Nipe," alimwambia dada. "Nipe mtoto."

Dada alifungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni, akampa. Ana miezi kumi na minne, mzito, anajua watu wake. Rula alimpokea kwa uangalifu, mkono chini ya makalio, mkono nyuma ya shingo, kama anavyobebwa mtoto mchanga. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtoto wa umri huo habebwi hivyo tena. Mtoto alimtazama. Alitazama mashavu yale, akatazama kote, akajipinda kama upinde na kuanza kulia, mikono yote kwa bibi yake. Rula alijaribu kumtikisa. Alijaribu kumwimbia. Mtoto alilia mpaka akakauka sauti.

"Hakujui," alisema dada. "Mpe muda."

Akamrudisha, na dada akaenda naye jikoni kumbembeleza. Rula akaiweka mikono mapajani, kisha kama mtu aliyeungua akaiondoa, akaiweka juu ya meza.

Nilijua natakiwa kuondoka. Nilianza kukusanya waya wangu. "Jumatatu nakwenda kwa meneja," nilisema. "Nitasema kila kitu. Nitaandika."

"Utaandika sasa," alisema Rula.

Aliinuka, akaenda mwenyewe kwenye kabati, akafungua droo ya chini. Ndani lilikuwamo lile daftari, limefungwa kwa mpira. Akalifungua kwenye ukurasa wa mwisho ulioandikwa, akaweka kalamu, akaweka rula chini ya mstari unaofuata, akaishikilia kwa vidole viwili ili isiteleze. Safu nne. Juu ya mkono wangu ilikuwa mistari na mistari ya maandishi yasiyo na mikia: mapajani, mapajani, mapajani.

"Tarehe," alisema. "Ile ya saa ya chakula."

Nikaandika tarehe. Niliikumbuka bila kufikiri.

"Saa."

Saa saba na dakika kumi.

Niliruka safu ya tatu, nikaenda ya nne, ile ya mikono, maana niliona hiyo ndiyo anayoitaka. Niliandika: mkono wa kulia bisibisi, wa kushoto rezista. Mwandiko wangu ulikuwa unagonga rula na kurudi juu. Nikaweka kalamu chini.

Alisoma. Hakuiondoa rula.

"Umeacha safu moja," alisema.

Nikatazama. Mashine imesimama kwa muda gani. Juu yake, mistari mingi kabisa, zilikuwa zimejipanga zile sekunde zake: tatu, nne, tatu, tatu, nne. Kule jikoni mtoto alikuwa bado ana kwikwi, na dada alikuwa anamwambia basi, basi, yameisha. Rula alinisogezea kalamu. Nikaichukua, nikaandika polepole, yeye akiwa amenishikia rula: mwaka mmoja na miezi minne.